Chanzo Kimoja, Arafa Arubaini na Moja

Chukua fundi wa kompyuta anayeishi Makongeni, Thika, ambaye wiki hii zamu ya usiku ni yake. Mwajiri wake ni chama cha akiba na mikopo, yaani Sacco, chenye makao makuu mjini Thika na tawi kule Ruiru, karibu na pale Eastern Bypass inapokutana na barabara ya Thika. Simu ameiweka kwenye stuli kando ya kitanda, sauti imepandishwa hadi mwisho. Saa nane na dakika kumi usiku inalia. Swichi ya Ruiru haionekani. Kabla hajavaa miwani inalia tena: rauta haionekani. Kisha printa. Kisha kamera ya mlangoni, kamera ya stoo, kamera ya kaunta. Kisha seva ya tawi, na programu zote zilizomo ndani yake, kila moja ikipiga mayowe kivyake kana kwamba yaliyowapata wenzake haiyajui. Kufikia saa nane na robo amepokea arafa 41, zote zimeandikwa kuwa ni dharura. Ile iliyokuwa na habari yenyewe iliingia dakika ishirini kabla ya hizo, bila mlio, ikiwa na alama ya manjano ya onyo dogo: betri za akiba za Ruiru zinakaribia kuisha.

Fundi hafungui hata moja kati ya zile 41. Anampigia simu mlinzi wa tawi.

"Habari ya usiku, mzee. Samahani kwa kukusumbua. Jenereta inanguruma?"

"Haijawaka, kijana wangu. Stima zilipotea tangu saa saba na nusu."

Mzee mwenye tochi ametoa kwa sentensi mbili kile ambacho programu ya kisasa ilishindwa kukisema kwa arafa 41. Kisa hiki ni mfano tu, lakini yeyote aliyewahi kushika zamu ya mitambo ya kompyuta atautambua usiku huo. Umewekwa hapa mbele kwa sababu unaonyesha mahali kasoro ilipo. Programu ilijua kila kitu, ikakisema chote kwa pamoja na kwa sauti ileile, na anayesikiliza akaachiwa kazi ya kuchambua akiwa na usingizi machoni.

Programu za aina hii huitwa programu za ufuatiliaji. Hufanya kazi ya askari anayezunguka boma usiku. Kila baada ya muda mfupi, tuseme dakika moja, hupiga hodi kwenye kila mashine iliyo katika orodha na kuiuliza maswali machache. Upo? Diski imejaa kiasi gani? Chumba kina joto gani? Hifadhidata inajibu upesi au inasuasua? Jibu likikosekana, au likivuka kipimo kilichowekwa, kengele inalia. Benki zinazo, vyuo vikuu vinazo, kampuni za simu, hospitali na viwanda pia. Mwananchi haioni programu yenyewe. Anachokutana nacho ni karani wa kaunta anayemwambia mtandao umelala, arudi kesho.

Nyingi kati ya zinazotumika sana hazina ada ya leseni. Nagios ilitolewa na Mmarekani Ethan Galstad mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, ikabatizwa upya miaka mitatu baadaye. Zabbix ilianzishwa mwaka 1998 na Alexei Vladishev wa Riga, Latvia, ikatolewa kwa umma mwaka 2001. Prometheus ilianza mwaka 2012 ndani ya kampuni ya muziki ya SoundCloud. Zabbix ndiyo itakayotolewa mfano zaidi hapa, kwa sababu kila toleo lake hutoka na maelezo yaliyo wazi kwa yeyote kuyasoma, na kwa sababu chama cha akiba chenye watu wawili tu katika idara ya kompyuta kinaweza kuitumia bila kulipia leseni.

Kwa nini Thika na Ruiru? Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu wakazi wa mji wa Ruiru kuwa 238,858. Ile ya 2019 ikawakuta 490,120, na Ruiru ikawa imeipita Eldoret. Thika yenyewe ilikuwa na watu 251,407. Kati ya sensa hizo mbili ndipo barabara kuu ya Thika ilipokamilika, mwaka 2012, na nyumba za kupanga zikaota kando yake kutoka Githurai hadi Makongeni. Watu hawa wanalipa kodi ya nyumba kwa simu, wananunua tokeni za stima kwa simu, wanaweka akiba kwenye Sacco, wanajisajili kwa masomo mtandaoni. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kiko Juja, katikati ya miji hii miwili. Mount Kenya kiko Thika. Zetech kiko Ruiru. Viwanda vya Del Monte na Bidco viko Thika, Brookside iko Ruiru, na Tatu City inajengwa kwenye mashamba ambayo zamani yalikuwa ya kahawa. Safaricom nayo ina kituo cha data Thika. Nyuma ya shughuli zote hizi kuna vyumba vidogo vyenye baridi, vyenye taa za kijani zinazopepesa, na kuna mtu ambaye simu yake italia taa hizo zikizimika.

Kampuni kubwa zina vyumba vya uangalizi vinavyokaliwa na watu saa 24, skrini zimejaa ukutani, zamu tatu kwa siku. Huko, mtu mmoja akizidiwa na kengele, wa pembeni atamsaidia. Kinachostahili kuzungumziwa zaidi ni yule fundi wa Sacco, wa shule ya bweni, wa zahanati, wa kiwanda cha watu mia moja. Yeye hana mwenzake wa pembeni. Mabadiliko madogo kwenye programu yanamgusa yeye kuliko anavyoguswa mhandisi wa kampuni ya simu.

Toleo jipya linapotoka, hupigiwa debe kwa yale makubwa. Zabbix 7.0, iliyotoka Juni 2024, ilitangazwa kwa uwezo wake wa kufungua tovuti kama afanyavyo mtumiaji na kupima kama inafanya kazi, na kwa ulinzi wa kuingia kwa hatua zaidi ya moja. Ni mambo mazuri. Lakini fundi wa Makongeni atafaidika zaidi na mistari midogo iliyo chini ya ukurasa, ile ambayo hakuna anayeisomea hotuba.

Mstari mmoja wa aina hiyo uliingia kwenye toleo la 6.4, Machi 2023. Tangu hapo fundi anaweza kuitaja hitilafu moja kuwa ndiyo chanzo, na nyingine kuwa ni dalili zake. Dalili hujikunja chini ya chanzo kwenye skrini, na arafa zake zinaweza kuzuiwa zisiendelee kutumwa. Basi. Hakuna picha ya kuvutia wala rangi mpya. Lakini ile orodha ya mistari 41 inageuka kuwa mstari mmoja wenye mingine 40 iliyokunjwa ndani yake, na mtu mwingine akifungua skrini ile asubuhi ataelewa mara moja kilichotokea usiku.

Uzito wa jambo hili Wakenya waliuona tarehe 7 Juni 2016, ingawa siku hiyo halikuhusu kompyuta. Tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mashine nyingine zikazidiwa na mzigo, kituo kikapoteza zaidi ya megawati 180, na nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. KenGen, kampuni inayozalisha umeme huo, ilitoa picha ya tumbili huyo, aliyenusurika na kukabidhiwa Shirika la Wanyamapori. Ofisi zilizokuwa na programu ya ufuatiliaji zilipata mafuriko ya kengele mchana ule, na kila kengele ilikuwa ya kweli. Swichi kweli zilizimika. Seva kweli hazikujibu. Ukweli wa kila kengele peke yake haukumsaidia mtu kujua la kufanya. Kilichohitajika ni kujua ipi inayobeba wenzake.

Hali kama hiyo ilijirudia Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Fundi aliyekuwa Ruiru siku hiyo na programu isiyotofautisha chanzo na dalili alikuwa na kila sababu ya kuzima na kuwasha rauta, kubadilisha nyaya, kumpigia mtoa huduma na kuanza upya. Kilichoharibika kilikuwa baharini.

Mstari wa pili ulikuja na toleo la 6.2, Julai 2022. Huo unamruhusu fundi kuinyamazisha hitilafu moja aliyokwisha kuiona, mpaka saa atakayoichagua. Ameshajua betri ya kifaa fulani imechoka. Nyingine imeagizwa Nairobi, italetwa Alhamisi. Zamani alikuwa na njia mbili mbaya: kuacha kengele ile ilie kila siku hadi Alhamisi, au kuizima kabisa na kumwomba Mungu amkumbushe kuiwasha tena. Sasa anaandika Alhamisi saa nne asubuhi, na programu inashika ahadi hiyo kwa niaba yake. Saa nne ikifika na betri haijabadilishwa, kengele inarudi.

Kwa Thika na Ruiru jambo hili linaandamana na jingine ambalo ni la zamani zaidi na halitumiwi inavyostahili. Kenya Power hutangaza mapema maeneo yatakayozimiwa stima kwa ajili ya matengenezo, pamoja na tarehe na saa, mara nyingi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Wakazi wa Kiganjo, Juja na Kihunguro huyasoma matangazo hayo ili wajue lini wapige pasi nguo. Programu za ufuatiliaji, karibu zote, zina mahali pa kuingiza muda wa matengenezo kama huo: kati ya saa hizi na hizi, mashine za tawi hili zikipotea, usipige kelele, andika tu kwenye kumbukumbu. Kazi ya kuingiza ni ya dakika tatu. Ofisi ambazo hazifanyi hivyo huishia kuwafundisha watu wao kwamba kengele ya Jumanne mchana si ya kutilia maanani, na hilo ndilo jambo la hatari zaidi katika habari yote hii.

Waswahili walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Methali inamsifu mtu mtulivu asiyebabaishwa na maneno ya watu. Kwa mitambo, ni maelezo sahihi ya jinsi ajali inavyoandaliwa. Mlango ukilialia kila usiku kwa upepo, mwenye nyumba atalala, na siku unaposukumwa na mwizi ataendelea kulala.

Mfano ulio wazi zaidi uko Wales. Tarehe 24 Julai 1994, radi ilivuruga kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco huko Milford Haven, na baada ya saa kadhaa kukatokea mlipuko uliojeruhi watu 26. Wachunguzi wa Uingereza walipofuatilia yaliyopita kwenye chumba cha uangalizi, waligundua kwamba katika dakika 11 za mwisho waendeshaji wawili walipokea kengele 275. Hakuna binadamu awezaye kuzisoma kengele 25 kwa dakika, achilia mbali kuzielewa. Kengele zilizokuwa na maana zilikuwemo humo ndani, zimefunikwa na zisizo na maana.

Kimya nacho kina madhara yake, na haki inataka kitajwe. Tarehe 14 Agosti 2003 programu ya kengele katika kampuni ya umeme ya FirstEnergy, jimbo la Ohio, iliganda kwa hitilafu ya ndani yake. Skrini zilibaki tulivu. Waendeshaji walikaa zaidi ya saa moja wakidhani mambo ni shwari huku njia za umeme zikianguka moja baada ya nyingine, na jioni ile watu wapatao milioni 50 Marekani na Kanada wakawa gizani. Kwa hiyo anayedai kengele zipunguzwe ana wajibu wa kuangalia kwamba hakuna iliyopunguzwa hadi ikafa. Maboresho yanayosifiwa hapa yanakidhi sharti hilo: hayafuti habari. Dalili iliyokunjwa inaweza kukunjuliwa, na hitilafu iliyonyamazishwa ina saa ya kuamka.

Kuna jingine dogo la tangu toleo la 3.2, mwaka 2016, ambalo bado ofisi nyingi hazijalitumia. Chumba cha seva kina kiyoyozi kimoja kilichozeeka. Kengele imewekwa ilie joto likifika nyuzi 28. Mchana wa Februari, joto linafika 28, kengele inalia. Linashuka hadi 27, programu inatuma arafa kwamba mambo ni mazuri. Linapanda tena 28, inalia. Kwa saa mbili fundi anapokea habari njema na mbaya kwa zamu, kila dakika chache. Tangu 2016 anaweza kuweka sharti la kulia na sharti tofauti la kutulia: lia kwenye 28, na usiseme mambo ni mazuri mpaka joto lishuke chini ya 24. Arafa 30 zinakuwa mbili. Mstari huo mmoja wa mipangilio unarudisha alasiri nzima ya kazi.

Toleo la 7.0 nalo lilileta badiliko kwa matawi ya mbali. Tawi la Ruiru linaweza kuwa na wakala wake, programu ndogo inayokusanya vipimo vya pale na kuvipeleka Thika. Kebo ya faiba ikikatwa na wachimbaji wa mtaro, wakala huhifadhi vipimo hadi njia irudi, ili mtu aweze kusoma baadaye kilichokuwa kikitokea wakati wa giza. Zamani kila kipimo kilipitia kwanza kwenye diski. Sasa kinaweza kukaa kwenye kumbukumbu ya haraka na kwenda kwenye diski pale tu inapolazimu, kwa hiyo kompyuta ndogo ya bei nafuu inatosha kwa kazi ambayo awali ilihitaji yenye nguvu zaidi.

Wapo watakaosema kinachofanya kazi kisiguswe, na wasipuuzwe, kwa sababu wana ushahidi. Desemba 2020 dunia ilijua kwamba wadukuzi walikuwa wamepenyeza msimbo wao ndani ya masasisho ya Orion, programu ya ufuatiliaji ya kampuni ya SolarWinds, na wateja wapatao 18,000 walikuwa wameyapokea. Yaani mlango waliopitia ulikuwa programu ya aina hiihii, inayopewa funguo za mitambo yote ili iweze kuiangalia. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows kwa mujibu wa hesabu ya Microsoft, na ndege, benki na hospitali zikakwama katika nchi nyingi.

Visa hivyo vinafundisha jinsi ya kusasisha. Havisemi tusisasishe. Toleo jipya halipandishwi usiku lilipotoka. Linawekwa kwanza kwenye mashine ya majaribio, na hata kompyuta ya zamani iliyotolewa ofisi ya uhasibu inafaa. Nakala ya hifadhidata inachukuliwa, na inajaribiwa kama kweli inarudishika, maana nakala isiyowahi kurudishwa haina uhakika wowote. Programu ya ufuatiliaji inapewa ruhusa ya kusoma tu pale ambapo kusoma kunatosha. Kisha, baada ya wiki chache, toleo linahamishiwa kwenye kazi halisi, mchana, wakati watu wako macho. Aliyekataa kabisa kugusa naye hayuko salama: Zabbix 5.0, iliyotoka Mei 2020, ilifikia mwisho wa huduma yake Mei 2025, na kasoro ya usalama itakayogunduliwa humo haitazibwa na watengenezaji.

Tatizo kubwa liko mahali pengine. Katika taasisi ndogo, kazi ya kurekebisha kengele haina mwenyewe. Meneja anaidhinisha ununuzi wa seva kwa sababu seva inaonekana na ina risiti. Saa nne za fundi kukaa na kuchuja kengele, kufuta zile zilizorithiwa kutoka kwa mtu aliyeacha kazi zamani, kutaja swichi ipi inabeba kamera zipi, hazina risiti. Basi zinafanywa Jumamosi bila malipo au hazifanywi. Programu isiyo na ada ya leseni ina gharama, na gharama yake ni muda wa mtu. Taasisi inayojivunia kwamba haikulipa hata shilingi kwa programu, kisha ikakataa kumpa fundi wake nusu siku kwa mwezi ya kuitunza, imeokoa pesa kwa kumpokonya usingizi mtu mmoja.

Tena, zamu ya usiku ni kazi. Anayelala na simu kando ya kichwa, asiyeweza kwenda arusi Murang'a wala kuzima simu kanisani, yuko kazini. Alipwe posho ya zamu, apewe mapumziko baada ya usiku mbaya, na awe na mtu wa pili ambaye programu itampigia ikiwa wa kwanza hajaitika kwa dakika kumi na tano. Programu zote zilizotajwa hapa, au zana zinazoambatana nazo, zinaweza kupandisha taarifa kwa mtu wa pili namna hiyo. Kinachokosekana ni jina la mtu huyo wa pili.

Wataalamu wapo. Vyuo vya Juja, Thika na Ruiru vinafuzisha vijana wa kompyuta kila mwaka, na ujuzi wa kuendesha mitandao umekuwa ukienezwa barani na wahandisi wenyewe kwa wenyewe tangu mkutano wa kwanza wa AfNOG, kundi la waendeshaji wa mitandao wa Afrika, uliofanyika Cape Town mwaka 2000. Kijana aliyemaliza mwaka wa tatu akipewa kazi ya mafunzo ya miezi mitatu katika Sacco ya mjini, akaambiwa kazi yake ni moja tu, kuzipunguza arafa za usiku bila kupoteza hata moja yenye maana, atajifunza mengi kuliko atakayojifunza akibadilisha wino wa printa. Atalazimika kujua kila kifaa kiko wapi, kinategemea nini, na kikifa nani anaumia.

Jambo la mwisho ni lugha. Arafa hizi zikiachwa zilivyotoka kiwandani huja kwa Kiingereza cha mashine: jina la mlango wa swichi kwa herufi na tarakimu, neno la hali, namba ya tukio. Mtu aliyeamshwa saa nane usiku anahitaji sekunde kadhaa kukumbuka mlango huo uko jengo gani. Programu inaruhusu maandishi hayo kubadilishwa yote. Yanaweza kusema: Tawi la Ruiru limepotea lote, huenda ni stima, angalia jenereta kabla ya kugusa rauta. Maneno hayo yanaandikwa mara moja, mchana, na mtu aliyetulia, kwa ajili ya mtu atakayeyasoma usiku akiwa hajatulia. Yanaweza hata kutumwa kama yalivyo kwa mlinzi au mhudumu wa pale, ambaye atayaelewa bila tafsiri.

Na katika arafa hiyohiyo, chini ya jina la swichi na saa iliyozimika, kuna nafasi ya mstari mmoja zaidi. Hapo iandikwe namba ya simu ya mzee anayelinda tawi usiku huo.